Nusu ya kwanza tunazidisha, nusu ya pili tunapunguza: mwaka wa kwanza wa mtoto

Begi la kwenda nalo kujifungua hupangwa na watu wengi. Mama mkwe anaongeza glukosi, jirani anakumbusha maji ya gripu, shangazi analeta masweta matatu ya sufi kana kwamba mtoto anazaliwa Njombe, kumbe ni Mbagala mwezi wa pili. Begi likishafungwa lina kila kitu isipokuwa vile vichache vya maana: kipimajoto, bomba dogo la kupimia dawa lisilo na sindano, kanga safi nne au tano, sabuni isiyo na manukato makali, na daftari.

Sisi tuliokwisha kuuvuka mwaka huo, tukikaa kuhesabu tulipokosea, tunaona makosa yanajigawa yenyewe mafungu mawili. Miezi sita ya kwanza karibu kila kosa ni la kuongeza: maji, dawa, nguo, mafuta, moto chumbani. Miezi sita ya pili karibu kila kosa ni la kupunguza: uji mwepesi, mchuzi bila nyama, kliniki iliyorukwa. Mahitaji ya mtoto yanageuka ghafla mwezi wa sita, mazoea ya nyumbani hayageuki nayo.

Tuanze na saa ya kwanza. Mtoto akishazaliwa awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa hiyo. Kinachotoka ni dang'a, maziwa mazito ya njano, machache kiasi kwamba anayekamua kwa mkono hupata matone tu. Hapo ndipo hofu huingia. Mtoto analia, wageni wanatazamana, mmoja anasema "huyu hajashiba", chupa ya glukosi inafunguliwa. Lakini tumbo la mtoto wa siku moja linabeba kama kijiko kimoja cha chai, mililita 5 hadi 7, na dang'a inalitosha. Glukosi inalijaza, mtoto analala, titi halinyonywi. Titi lisiponyonywa halijui kama linatakiwa kutengeneza zaidi. Siku ya tatu, ambayo maziwa yalipaswa kujaa, yanakuja kidogo, na familia inaamua kwamba mama hana maziwa. Alikuwa nayo, ila njia yake ilizibwa na glukosi.

Anyonye kila anapotaka, usiku na mchana, mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kama amelala zaidi ya saa tatu wiki ya kwanza, mwamshe. Usipime shibe kwa kilio, pima kwa nepi: siku ya kwanza mkojo mara moja, siku ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, na kuanzia siku ya tano mara sita au zaidi, mkojo mweupe usio na harufu kali. Kinyesi huanza cheusi cha kunata kama lami, kinageuka kijani, na kufikia siku ya tano kiwe njano. Andika kwenye daftari. Saa tisa usiku hakuna anayekumbuka nepi ya mwisho ilikuwa ya saa ngapi, na nesi akikuuliza asubuhi, jibu la "nadhani" halimsaidii.

Uzito utashuka siku za mwanzo, na hilo huwashtua wengi. Kushuka hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa ni kawaida. Aliyezaliwa na kilo 3 anaweza kufika 2.7. Aurudie uzito wake kabla ya siku ya kumi na nne. Akishuka zaidi ya hapo, au wiki mbili zikapita hajaurudia, tatizo mara nyingi ni jinsi anavyoshika titi.

Maumivu makubwa ya wiki za mwanzo, yale ya kuuma meno mtoto akianza kunyonya, hutoka hapo hapo. Mtoto anashika chuchu peke yake badala ya kujaza mdomo. Mlaze tumbo lake liguse tumbo lako, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, pua ikitazamana na chuchu. Gusisha mdomo wake wa juu na chuchu, subiri apanue kama anayepiga miayo, kisha mlete yeye kwenye titi. Usilipeleke titi kwake kwa kuinama. Akishika vizuri kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Kama inauma baada ya sekunde kadhaa za mwanzo, usivumilie. Ingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake, achie, muanze upya. Tulivumilia kwa sababu tuliambiwa ndio ukubwa. Kuvumilia kulizaa chuchu zilizopasuka, titi lililojaa likawa gumu kama jiwe, na homa.

Mtori, supu ya kongoro na uji wa pilipili manga vina kazi yake: vinampa mama nguvu na maji. Lakini maziwa hujaa titi linapotolewa maziwa. Mama aliyekunywa mtori lita mbili na kunyonyesha mara nne kwa siku atakuwa na maziwa pungufu kuliko aliyekula ugali na maharage akanyonyesha mara kumi.

Kitovu kiachwe. Kinakauka na kuanguka chenyewe, wengi kati ya siku ya 5 na ya 15. Kituo kikikupa dawa maalumu ya kupaka, tumia hiyo kama ulivyoelekezwa na usiongeze kitu: si majivu, si mate, si mafuta ya taa, si dawa ya unga iliyobaki ya mtoto mwingine. Kunja nepi chini ya kitovu ili mkojo usikifikie. Wekundu unaosambaa kwenye ngozi ya tumbo, usaha au harufu mbaya ni safari ya kituoni siku hiyo hiyo. Kuoga nako kusubiri saa 24. Utando mweupe mwilini si uchafu, unamkinga.

Kuhusu manjano tuseme wazi, kwa sababu ushauri wa "mwanike juani" umewachelewesha wengi. Watoto wengi hupata umanjano kidogo siku ya pili au ya tatu, nao huondoka wenyewe. Ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari. Ukifika viganjani na kwenye nyayo ni hatari. Mtoto wa manjano asiyetaka kunyonya ni hatari. Kwa ngozi zetu, kalia dirishani, bonyeza paji la uso au ncha ya pua kwa kidole, achia, tazama rangi inayobaki. Kisha weupe wa macho na fizi. Tiba ya hospitali ni mwanga maalumu wa buluu, mtoto akiwa uchi na macho yamefunikwa. Jua la asubuhi halifiki huko, na la saa nne linaunguza.

Dalili za hatari za mtoto mchanga ni chache, zibandikeni ukutani: ameacha kunyonya, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, amelegea, hasogei mpaka aguswe, degedege. Pumzi zihesabiwe dakika nzima kwa saa ya simu, kwa sababu mtoto mchanga huvuta haraka haraka kisha akapumzika, na ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne utapotea.

Arobaini ina hekima yake: mama anapumzika, wageni wanapungua, mikono ya kusaidia ipo. Ila ndani yake kuna mambo mawili tuliyoyachukulia kirahisi mno. La kwanza ni jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na inaua mama na mtoto wakiwa wamelala. Chemshia nje, leta maji ndani. La pili ni nguo. Dar es Salaam joto likiwa nyuzi 32, mtoto mwenye sweta, kofia, soksi na blanketi zito anapikwa. Anapata vipele vya joto, analia, anahisiwa mchango, anapewa dawa ya mchango. Gusa shingo yake kwa nyuma: ikiwa na jasho au moto, vua tabaka moja. Mikono na miguu huwa ya baridi daima, isikudanganye. Kipimo rahisi ni nguo moja zaidi ya wewe ulivyovaa, basi. Njombe, Lushoto na Limuru ni habari nyingine. Usiku alale chali, kwenye godoro gumu kidogo, bila mto, ndani ya chandarua kilichochomekwa pande zote.

Kukandwa kwa maji ya moto wapo wanaopenda na wapo wasiopenda, tusiingie huko. Ila aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumboni mshono ukiwa mbichi, na maji yakiunguza mkono wa anayekanda, yanaunguza na ngozi ya mzazi.

Mama mwenyewe atalia kati ya siku ya tatu na ya kumi bila sababu ya kuieleza. Hiyo hupita. Isipopita baada ya wiki mbili, au akawa hali, halali hata mtoto akilala, hamtaki mtoto, anasema bora asingekuwepo, huo ni ugonjwa na una tiba. Usiitwe deko. Mume asikae sebuleni kusubiri uishe. Ashike mtoto baada ya kila kunyonya, amweke begani abeue, abadilishe nepi, mama apate saa tatu za usingizi mfululizo. Kukosa usingizi ndiyo gharama kubwa kuliko zote za mwaka huu, na haionekani kwenye bajeti yoyote.

Wiki ya sita kilio kinafika kileleni. Mtoto mzima, anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito, analia saa mbili au tatu kila jioni, anakunja miguu, uso unakuwa mwekundu. Msokoto huu hupungua wenyewe mwezi wa tatu au wa nne. Mbebe wima, mtembeze, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako ukiwa macho, mwogeshe maji ya uvuguvugu. Ndicho kipindi cha chupa nne za maji ya gripu, na ndicho kipindi ambacho mtu mzima mwenye heshima zake huja kuangalia kinywa cha mtoto na kutoa hukumu: ana kimeo kirefu, au ana meno ya plastiki. Hayo "meno ya plastiki" ni vijivimbe vyeupe kwenye fizi ambako meno ya chonge yatatokea baadaye. Yapo kwa watoto wote. Kuyang'oa kwa kisu au spoku ya baiskeli huleta damu, maambukizi ya damu na kifo, na aliyepona hukua na meno yaliyopinda au yasiyoota. Kukata kimeo vilevile. Mkatalie bibi kwa adabu yote uliyonayo, ila mkatalie.

Wiki hiyo hiyo ndiyo ya chanjo kubwa za kwanza. Tanzania mtoto hupata ya kifua kikuu begani na matone ya polio anapozaliwa. Kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hurudi kwa chanjo za sindano pajani na za matone: pentavalenti (moja inayokinga magonjwa matano), nimonia, polio, kuhara. Kile kipele cha begani kitavimba wiki chache baadaye, kitatoa usaha kidogo, kitaacha kovu. Usikikamue wala kukipaka kitu. Joto kidogo siku ya sindano na inayofuata ni la kawaida, lakini mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye 38 asipewe dawa nyumbani kwa kubahatisha; arudishwe. Ukiruka tarehe usiogope kugombezwa ukaacha kabisa. Nesi anaendelea pale ulipoishia, haanzi upya.

Kwa dawa ya homa baada ya hapo: dozi hufuata uzito, umri haupimi vizuri. Parasetamo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila saa sita. Chupa nyingi za watoto zimeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hazidishi mililita 5 kwa mara moja, na wa kilo 6 ni mililita 3 hivi. Soma chupa, kwa maana zipo za nguvu mbili. Vijiko vya nyumbani vinatofautiana mno; ndiyo kazi ya lile bomba.

Mwezi wa tatu ndio unaovunja mipango, kwa sababu ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mmoja, na inaruhusu kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya makadirio. Wengi huanza mapema wakidhani wanajitunza, wanajikuta wanarudi kazini mtoto ana wiki nane. Kama afya inaruhusu, ukikaribia zaidi siku ya kujifungua ndipo uanze. Sheria hiyo hiyo inaruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Ziombe kwa barua kabla ya kurudi, uandike saa unazotaka. Ukisubiri kuzungumza ukisharudi, utaambiwa kuna kikao.

Kukamua kuanze wiki mbili kabla. Mtoto wa umri huu hunywa kama mililita 30 kwa kila saa unayokuwa mbali. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni, acha mililita 300, kwenye vikombe vidogo vya 60 hadi 100, vyenye mifuniko na saa iliyoandikwa juu. Nawa mikono, minya kwa kidole gumba na cha shahada sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiivute chuchu. Maziwa yanakaa saa nne kwenye chumba cha nyuzi 25. Kwenye joto la pwani punguza. Kwenye jokofu siku nne, ila si mlangoni. Yapashwe kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto, yasichemshwe, na yaliyobaki kikombeni mtoto akishakunywa yamwagwe. Anyweshwe kwa kikombe kidogo: chupa zenye chuchu ya mpira ni ngumu kusafisha, na mtoto huzizoea akalikataa titi. Mfundishe dada wa nyumbani siku tano akiwa mbele yako, awe ameketi, mtoto akiwa wima, kikombe kikigusa mdomo wa chini na mtoto akiramba mwenyewe. Akimiminiwa atapaliwa.

Ikishindikana kabisa, fahamu hesabu kabla ya kuingia. Mtoto wa kilo 5 hadi 6 anayetegemea maziwa ya kopo peke yake hutumia karibu gramu 100 za unga kwa siku. Kopo la gramu 400 linaisha siku ya nne; kwa mwezi makopo saba au manane. Zidisha kwa bei ya dukani kwako, ongeza nishati ya kuchemsha maji mara nane kwa siku. Hapo ndipo kosa baya huzaliwa: mwisho wa mwezi kijiko kinapunguzwa maji yaleyale, mtoto anashiba maji. Maji yapimwe kwanza, ndipo unga, vijiko vilivyosawazishwa, kwa idadi iliyoandikwa koponi. Na mama anayeishi na VVU anayetumia dawa zake vizuri ananyonyesha. Kilicho hatari kwake ni kuchanganya titi na vitu vingine kabla ya miezi sita. Afuate ratiba ya dawa na vipimo vya mtoto aliyopewa kliniki.

Ile kadi ya kliniki, wengi huiangalia rangi tu: yuko kwenye kijani, alhamdulillah. Tazama mwelekeo wa mstari. Mtoto aliye kijani kwa juu ambaye mstari wake umelala miezi miwili ana shida kuliko mdogo aliye karibu na kijivu ambaye mstari unapanda kila mwezi. Kwa makadirio, uzito wa kuzaliwa huwa maradufu mwezi wa tano au wa sita, na mara tatu anapotimiza mwaka. Apimwe bila nguo na nepi iliyolowa. Gramu 300 za nguo zinaficha mwezi mzima wa kudorora. Mstari ukilala, mtaani husema amebemendwa, wazazi wanaanza kushutumiana. Wakati wanashutumiana, hakuna anayepima malaria, kifua kikuu, maambukizi ya mkojo, wala anayeuliza uji una nini.

Na uji ndio habari ya mwezi wa sita. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo imekwisha na maziwa peke yake hayatoshi. Dalili za utayari: anakaa kwa kuegemezwa, shingo imara, anafuata kijiko kwa macho, hasukumi chakula nje kwa ulimi. Anza na vijiko vikubwa viwili au vitatu, mara mbili kwa siku. Ndani ya wiki chache afike nusu kikombe cha mililita 250, mara mbili au tatu. Kuanzia miezi tisa nusu kikombe au zaidi, mara tatu au nne, na kitu cha katikati kama ndizi au parachichi. Titi linaendelea.

Sasa uzito wa uji. Uji unaonyweka kwenye chupa ni maji yenye rangi. Inamisha kijiko: ukidondoka kama maji, ni mwepesi, ushike kijikoni na kuanguka kwa kujivuta. Mtoto akishindwa na uzito huo, usiongeze maji. Bibi zetu walikuwa na kimea: ulezi unalowekwa usiku mmoja, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue, unaanikwa, unasagwa. Pika uji mzito, uepue, usubiri upungue moto mpaka uvumilike mdomoni, nyunyiza kijiko cha chai cha unga wa kimea kwenye bakuli, koroga. Unalainika mbele ya macho yako na chakula chote kikiwa mle mle, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea vinakata wanga. Ukikiweka kimea uji ukiwa bado unachemka, vimeng'enya vinakufa na hakuna kinachotokea. Baada ya kulainika urudishe jikoni uchemke kidogo kuua vijidudu.

Unga wa lishe wa dukani wenye vitu kumi na viwili huuzika kwa wingi wa majina. Nafaka moja au mbili zinatosha, vipimo vitatu kwa kimoja cha karanga au soya. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe kabla ya kusagwa, maana mbichi inazuia mwili kutumia protini. Maharage makavu yasisagiwe humo. Uji wa dakika ishirini hauyaivishi, mtoto anaharisha na lawama inakwenda kwa meno. Karanga na mahindi yachambuliwe moja moja: iliyokunjamana, nyeusi au yenye ukungu itupwe, asipewe hata kuku. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Saga wa wiki mbili tu. Wenye karanga unachacha haraka.

Uji peke yake, hata mzuri, hauna chuma cha kutosha. Dagaa wa Mwanza waoshwe mara tatu kutoa mchanga, wakaushwe kikaangoni, wasagwe, wachekechwe. Kijiko cha chai kwenye kila bakuli la viazi au ugali laini. Maini ya kuku yaliyosagwa mara mbili kwa wiki. Nyama apewe nyama yenyewe iliyopondwa. Mchuzi wake ni ladha tu. Yai lote, limeiva. Mchicha ukatwe mwembamba, na kijiko cha mafuta. Chumvi na sukari hazina kazi hapa, chai inazuia chuma, na asali ni marufuku kabla ya mwaka kamili, hata ya kulamba kidoleni, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kumpooza. Kila chakula kipya kipe siku mbili au tatu kabla ya kuongeza kingine.

Chakula kikianza, kuhara kunafuata, kwa mikono, maji na kijiko kilichoanguka. Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, inaingia kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, pakiti nzima. Kumwaga nusu kwa kubahatisha kwenye glasi kunatoa maji yenye chumvi kali yanayodhuru. Kila akiharisha, robo hadi nusu kikombe, kijiko baada ya kijiko; akitapika subiri dakika kumi, endelea polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Ongeza zinki siku 10: kidonge kizima cha miligramu 20 kwa aliyetimiza miezi sita, nusu kwa aliye chini. Wengi huacha siku ya tatu kuhara kukikoma, wakapoteza kinga ya miezi inayofuata. Utosi uliobonyea, macho yaliyozama, ngozi ya tumbo inayorudi polepole ukiifinya, damu kwenye choo: ondoka nyumbani. Utosi uliovimba pamoja na homa ni dharura ya aina nyingine, na usipakwe dawa yoyote.

Homa apimwe malaria kabla ya dawa. Dawa mseto imalizwe siku zote tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, na akitapika ndani ya nusu saa dozi irudiwe. Degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mpeleke kituoni. Maneno kwamba mwenye degedege akichomwa sindano anakufa yamewazuia wengi kufika kwa wakati.

Miezi minane anatambaa, na nyumba inabadilika kuwa mahali pa hatari kwa siku moja. Keti sakafuni, uitazame kutoka urefu wake. Jiko la mkaa liinuliwe au lizungushiwe. Chai ya mtu mzima isinyweke ukiwa umempakata. Ndoo na beseni viwe tupu au vifunikwe. Sentimita tano za maji zinatosha kumzamisha. Mafuta ya taa yatoke kwenye chupa ya soda. Akiyanywa usimtapishe wala kumpa maziwa, mkimbize. Karanga nzima, mbegu za ubuyu, peremende na bisi viondoke kabisa. Akipaliwa na hatoi sauti, mlaze kifudifudi juu ya paja lako kichwa kikiwa chini, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja, mgeuze, msukume mara tano katikati ya kifua kwa vidole viwili, rudia. Fanyeni zoezi hilo kwa mdoli, wewe na dada, kabla ya kulihitaji. Kile kigari cha magurudumu hakimfundishi kutembea. Kinamfikisha ngazini na jikoni kwa kasi asiyoimudu.

Miezi tisa kuna chanjo ya surua na rubella, na vituo vingi humpa mtoto chandarua siku hiyo, kiulizie. Kabla ya hapo, mwezi wa sita, kuna tone la vitamini A, hurudiwa kila miezi sita. Dawa za minyoo huanza akitimiza mwaka. Vidole na miguu vikivimba vyote kwa pamoja na mtoto akalia akiguswa, omba kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, usiishie kwenye dawa ya maumivu. Cheti nacho kisisahaulike: tangazo la kizazi ulilopewa hospitali ni karatasi dogo linalopotea kirahisi, na usajili wa kawaida una siku 90.

Kisha inakuja keki, na kadi ya kliniki inaingia kabatini. Sindano ya pili ya surua ni ya miezi 18, nusu mwaka baada ya keki, wakati hakuna tena anayekukumbusha kwenda kupima. Iandike kwenye simu ya baba na ya mama siku ile ile ya miezi tisa, ukiwa bado umekaa kwenye benchi la kliniki unasubiri mtoto anyamaze.